Nyeupe pee inapotoka kijivu: kupiga picha kwenye theluji ya Kibo

Swali: Shikamoo mzee. Mimi ni mwongoza wageni Kilimanjaro, mzaliwa wa Marangu. Mwaka huu nimenunua kamera ya mtumba, ile ya kubadilisha lenzi, maana wageni wengi hufika kileleni vidole vimekufa ganzi na huniomba niwapigie mimi. Kuanzia getini hadi kambi ya mwisho picha zinatoka safi. Nikifika Stella Point, kule ukingoni mwa kreta, theluji inatoka kijivu kama majivu ya jikoni, na sura zetu waongozaji na wagumu (wapagazi) zinakuwa nyeusi tititi, hata macho hayaonekani. Mwenzangu aliniambia nipunguze mwanga kwa kuwa huko juu kunang'aa sana. Nikapunguza, ikawa mbaya zaidi. Fundi mmoja wa zamani hapa Moshi anasema enzi za filamu theluji ilipigwa kwa f/22, yaani unafinya lenzi. Wengine wanasema niongeze mwanga. Nimsikilize nani?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Umeniletea magonjwa mawili, theluji ya kijivu na sura nyeusi, lakini ugonjwa ni mmoja: picha nzima imenyimwa mwanga. Theluji imeshuka kutoka nyeupe pee hadi kijivu, na sura zenu zimeshuka nayo kwa kiasi kilekile, kutoka rangi yenu ya kuzaliwa hadi mkaa. Mwenzako alipokwambia upunguze, alimnyang'anya sahani mtu aliyekuwa tayari na njaa. Fundi wa Moshi hakukudanganya, nitamfikia.

Kamera haijui kwamba duniani kuna theluji. Kipimamwanga kilichomo ndani yake kinapima mwanga uliogonga kitu ukarudi kwenye lenzi, basi. Hakiwezi kutofautisha kitu cheupe kilicho kivulini na kitu cheusi kilicho juani, kwa sababu mwanga unaorudi unaweza kuwa sawa. Kwa hiyo kimefundishwa kudhani jambo moja: chochote utakachokielekezea, wastani wake ni kijivu cha katikati. Kadi ya kijivu wanayotumia wapiga picha kupimia hurudisha asilimia 18 ya mwanga unaoiangukia, na dunia ya kawaida, ukichanganya msitu, nyasi, barabara ya vumbi na watu sokoni, haiko mbali sana na hapo. Ndiyo maana kuanzia getini picha zako zilikuwa safi. Theluji mpya hurudisha asilimia 80 hadi 90. Kamera ikiona mwanga wote ule inasema, "Hapa jua limezidi," inabana, na nyeupe inashushwa hadi ifanane na kile ilichokitarajia.

Mimi somo hili nililipata kwa aibu, na halikuwa la theluji. Kazi yangu ya kwanza ya kulipwa ilikuwa swala ya Idd uwanjani: safu kwa safu za kanzu zilizopigwa pasi na kutiwa bluu, na zote zikatoka rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Aliyenituma alizitazama akaniuliza kama siku ile kulikuwa na mawingu. Miezi michache baadaye nikapiga kina mama wa madrasa waliokaa kwenye mkeka, wote wamevaa buibui. Nikapata buibui za kijivu na nyuso zilizoungua kwa mwanga. Nikaziweka picha hizo mbili mezani, ya kanzu na ya buibui, na rangi ya nguo ilikaribiana. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kamera ilikuwa inavuta kila kitu kwenye nguzo ileile.

Wewe mtu wa Kilimanjaro utaipenda hadithi hii. Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliona weupe juu ya Kibo. Aliyekuwa akimwongoza aliuita weupe ule baridi tu, na Rebmann akatambua kuwa ni theluji. Habari zilipofika London, mwanajiografia William Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika, alikana katakata: theluji karibu na ikweta haiwezekani. Alishikilia hivyo kwa miaka, hata baada ya mvumbuzi Mjerumani von der Decken kujaribu kuupanda mlima mara mbili, mwaka 1861 na 1862. Kamera yako ni Cooley. Imekaa na jibu lake kabla ya kuuliza, na kila ukiionyesha weupe inakwambia ni kijivu. Usibishane nayo, mpindishie tu hesabu.

Hesabu yenyewe ni fupi. Hatua moja ya mwanga tunaiita stopu: ni kuuzidisha mwanga mara mbili au kuugawa nusu. Anza na 18. Ongeza stopu moja, 36. Ongeza ya pili, 72. Ya tatu ingekuwa 144, ambayo imepita karatasi nyeupe na kwenda zake. Theluji ya 90 basi iko stopu mbili na theluthi juu ya kijivu, na ushauri wa "ongeza mbili" unaousikia kila mahali unatoka hapo. Kwenye kamera yako tafuta kitufe chenye alama ya +/−. Ukiwa kwenye A (Canon huandika Av) au P, njia ambazo kamera inakusaidia kupanga mwanga, zungusha gurudumu ukielekea upande wa kujumlisha.

Lakini usikariri mbili kama aya. Mbili ni kwa theluji mpya iliyojaza fremu yote, au kwa mtu anayepima nukta moja tu juu ya theluji. Njia ya kutoka Stella Point kwenda Uhuru mara nyingi haiko hivyo: kuna mawe meusi ya volkano, kuna madoa ya theluji, na zile kuta za barafu upande wa kusini zina vumbi na rangi ya bluu, hazing'ai kama theluji iliyoanguka jana usiku. Pale +1 inatosha, na mawe yakichukua nusu ya picha hata theluthi mbili ya stopu inaweza kutosha. Tena kamera nyingi za sasa hazipimi wastani kibubu. Tangu Nikon walipotoa kamera yao ya FA mwaka 1983, kamera zimejifunza kuigawa fremu vipande vipande na kuvilinganisha, kwa hiyo yako huenda tayari inajiongezea kidogo yenyewe bila kukuambia. Mimi ningeanza na +1, nitazame, kisha nipande hadi +1⅔ ikiwa theluji imetanda.

Sasa fundi wako. Wazee wa filamu walikuwa na kanuni isiyohitaji betri: jua likiwa kali na juu, weka tundu la lenzi f/16 (namba ikikua, tundu linafinywa), na kasi ya shata, yaani muda pazia la kamera linapokuwa wazi, iwe moja juu ya ISO, namba ya wepesi wa filamu kuhisi mwanga. Filamu ya ISO 100, sekunde 1/100. Kwenye theluji au mchanga mweupe wa pwani, shuka hadi f/22. Ukiisikia hivyo unadhani inapingana na "ongeza mwanga". Haipingani hata kidogo, kwa kuwa hawa wawili wameanzia sehemu tofauti. Fundi anaanza na mwanga unaoanguka kutoka juani, ambao haujali kama umeangukia theluji au buibui. Kipimamwanga kinaanza na mwanga unaorudi. Ukikielekeza kwenye theluji tupu juani, kitataka ufinye stopu mbili na theluthi kutoka f/16, yaani hadi kama f/36, tundu ambalo lenzi yako huenda hata haina. Kutoka pale ongeza stopu moja na theluthi: umefika f/22 ya fundi. Ongeza mbili na theluthi: f/16. Mmoja anapanda kutoka Marangu, mwingine kutoka Machame, na kilele ni kilekile.

Kati ya f/16 na f/22, chaguo linategemea unapiga nini. f/22 inalinda mikwaruzo na mawimbi madogo ya theluji, ni nzuri kwa mandhari. Ukiwa na watu, hasa watu weusi kama sisi, baki f/16. Si lazima uitumie namba yenyewe: f/11 kwa 1/200 na f/8 kwa 1/400 ni mwanga uleule, na picha inakuwa kali zaidi kuliko kwa tundu lililofinywa mno. Tahadhari moja. Kanuni hii ni ya jua lililopanda, tuseme kuanzia saa tatu asubuhi. Nyinyi hufika juu jua linachomoza, karibu saa kumi na mbili na nusu, na saa hiyo mwanga ni dhaifu sana kuliko utakavyokuwa baadaye. Kanuni ya fundi ukiitumia wakati ule utapata giza, na utaniletea lawama mimi.

Kwa saa hiyo nakupa njia ninayoiamini kuliko zote: kiganja. Viganja vya watu, weusi kwa weupe, havitofautiani sana kama ngozi ya sehemu nyingine; kwa kawaida huwa kama stopu moja juu ya kijivu cha kati. Weka kamera kwenye M, ambapo unapanga kila kitu mwenyewe. Nyoosha mkono mbele, kiganja kikitazama upande uleule wanaotazama wageni, kipate jua lilelile. Kijaze kwenye fremu, usijali kama hakijalenga vizuri. Zungusha kasi ya shata hadi sindano ya kipimo isimame kwenye +1. Ondoa mkono, piga. Sasa ukielekeza kamera kwenye theluji, sindano itaruka upande wa kujumlisha na kupiga kelele kwamba umezidisha. Iache ipige. Mwanga haujabadilika, kilichobadilika ni kile kinachotazamwa. Utarudia kupima pale tu jua litakapoingia wingu au kupanda vya kutosha, yaani kila baada ya dakika kumi hivi wakati wa macheo.

Najua utasema: mzee, kuvua glavu Stella Point? Basi pima glavu yako mapema, mchana, kambini. Pima kiganja, kisha pima glavu mahali palepale kwa tundu lilelile. Tuseme kiganja kimetoa 1/500 na glavu imetoa 1/125. Hizo ni stopu mbili, glavu ni nyeusi kuliko kiganja kwa mbili. Pale ambapo kiganja kingekaa +1, glavu inakaa −1. Iandike namba hiyo kwa kalamu ya wino usiofutika ndani ya mfuniko wa lenzi. Kule juu akili haifanyi hesabu. Wewe unajua kuliko mimi.

Nije kwenye sura, maana nahisi hilo ndilo linalokuuma. Nikipima uso wa mtu kwa nukta, kwa ngozi nyeusi ya kwetu naiweka sindano kwenye −1, aliye maji ya kunde namwacha sifuri, na mgeni Mzungu namweka +1. Theluji iko kwenye +2⅓. Kutoka −1 hadi +2⅓ ni stopu tatu na theluthi, na hizo kamera yoyote inazimeza. Kwa hiyo uso mweusi na theluji nyeupe havigombani, mradi vyote viwe kwenye jua moja. Ugomvi unaanza uso unapokuwa kivulini: jua liko nyuma yenu, kofia imeshuka, na papo hapo uso unapoteza stopu mbili au tatu zaidi. Hapo ndipo macho yanapotea.

Dawa ya kwanza haina gharama. Jua linachomoza upande wa Mawenzi. Simama Mawenzi ikiwa mgongoni kwako, wageni wakikutazama wewe nayo, na theluji iliyo miguuni mwao itawarushia mwanga kwa chini, hadi ndani ya kofia. Theluji ni kiakisi kizuri kuliko kile cha kukunja ninachotembea nacho harusini, na hakuna wa kukishika. Waambie wavue miwani kwa picha mbili tu na kuivaa tena. Macho huko juu huungua kweli.

Ukilazimika kuwapiga jua likiwa nyuma yao, kwa mfano kwa sababu ya ubao wa Uhuru na foleni ya watu wanaosubiri zamu, amua unachokipenda zaidi. Mimi huchagua uso. Pima uso, acha anga na theluji ya nyuma vipauke. Mgeni atakayeitundika picha ukutani kwake hatalalamikia wingu. Flashi inasaidia, ila ijue nguvu yake: ile ndogo inayochomoza juu ya kamera, kwa ISO 100 na f/11, inafika mita moja na ushee tu. Juani kweupe, kwa kundi la watu sita, ni kiberiti. Wakati wa macheo, unapoweza kufungua hadi f/5.6 au f/4, inafika mita mbili hadi tatu na hapo ina maana. Theluji ikiwa inaanguka, izime kabisa, la sivyo chembe zilizo karibu na lenzi zitageuka mipira myeupe usoni pa watu. Nawaambia hivyo na ndugu zetu walio Minnesota au Oslo wanaonitumia picha za watoto uani wakicheza theluji ya jioni.

Jambo lililobaki ni jinsi ya kujua umepatia, na hapa skrini ni shahidi wa uongo. Saa kumi na moja alfajiri, gizani, picha iliyonyimwa mwanga inang'aa kama taa. Saa mbili asubuhi, theluji imekuzunguka, picha iliyo sawa inaonekana giza na utajaribiwa kuongeza tena. Fungua histogramu badala yake, ule mchoro wa kilima. Kushoto ni nyeusi, kulia ni nyeupe. Theluji iliyotoka kijivu ni kilima kilichoketi katikati, na nakuhakikishia picha zako zote za Stella Point ziko hivyo. Kisukume kilima kulia hadi mguu wake ukaribie ukuta. Kikianza kuupanda ukuta, umepitiliza, na nyeupe iliyopitiliza hairudi, hata ukiwa na programu ya bei gani. Nyingi za kamera hizi zina pia onyo la sehemu zilizoungua, zinawaka na kuzima kama vimulimuli. Kimulimuli kimoja kwenye ukingo wa theluji unaotazama jua moja kwa moja, sawa. Mlima mzima ukiwaka, punguza theluthi moja, piga tena. Na piga RAW, faili ghafi ambalo kamera haijalipika, kama kadi yako ina nafasi, maana sura iliyotoka nyeusi kidogo huweza kuinuliwa nyumbani, ingawa itakuja na chenga.

Mgeni akikupa simu, ni rahisi zaidi. Gusa uso wake kwenye kioo, kwa simu nyingi ukishikilia kidole kipimo kinafungwa, na utaona alama ya jua au mstari wa kusogeza. Sogeza juu hadi theluji ianze kuwa nyeupe, acha kabla haijawa karatasi.

Kuna theluji ya bluu pia, hukuiuliza lakini utaiona. Theluji iliyo kivulini inaangaziwa na anga, na anga la mita 5,895 ni bluu iliyokoza. Ukitaka nyeupe, weka mpangilio wa rangi kwenye alama ya kivuli, ile ya nyumba yenye mstari wa mshazari. Mimi bluu ile naipenda, inaonyesha baridi, siiondoi yote. Betri ya akiba iweke kifuani ndani ya nguo, na ukishuka kibandani, acha kamera ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa hadi ipate joto, umande utulie nje ya mfuko badala ya ndani ya lenzi.

Halafu, ukiteremka, rudisha ile +/− kwenye sifuri. Mimi nilisahau. Nilishuka na +2 yangu hadi msituni, na mbega wakanitokea karibu na njia, kundi zima, weusi na mikia yao myeupe, wametulia juu ya tawi kama wameitwa studio. Mnyama mweusi kwenye msitu wa giza tayari anahitaji upunguze, hata kwa stopu moja. Nilipiga picha thelathini na kitu. Mbega wote wametoka kijivu, na mikia haina hata unywele mmoja unaoonekana.